Watoto Wafundishwe Mpira, Wasifundishwe Kwata

Jua linapoanza kuinama nyuma ya Jebel Kujur, mji wa Juba hupata ahueni. Vumbi hutulia kidogo, akina mama hurudi kutoka soko la Konyo Konyo, na watoto hutoka nje. Katika Munuki, Kator, Gudele na Gumbo, popote penye kipande cha ardhi ambacho bado hakijajengwa, utawakuta na mpira. Pengine ni mpira wa dukani uliokwisha kubabuka ngozi; pengine ni matambara na mifuko iliyofungwa kwa kamba. Mawe mawili huwa goli, na mchezo huanza bila kungoja refa wala firimbi.

Kando ya kiwanja hicho hupita askari. Anatoka lindoni au anakwenda lindoni. Wako watoto wanaomkimbilia na kumsalimu kwa kuiga saluti. Lakini wako pia ambao husimamisha mchezo, wakanyamaza, wakamtazama kwa pembe ya jicho mpaka apite. Tahariri yetu ya leo inamhusu askari huyo, na inahusu ukimya huo wa watoto.

Sisi tunaamini ya kuwa askari wa jeshi au wa polisi mwenye saa mbili za nafasi kwa wiki, na mwenye subira, anaweza kufanya katika kiwanja kile kazi ambayo doria peke yake haiwezi kuifanya. Kazi hiyo ni kuwafundisha watoto wadogo kucheza mpira pamoja. Tunasema kucheza pamoja kwa makusudi, maana kupiga mpira watoto wanakujua tayari. Hawana haja ya kufundishwa na mtu. Lakini tunasema pia, na sababu zake tutazieleza, kwamba kazi hiyo ikifanywa vibaya ni afadhali isifanywe kabisa.

UKIMYA ULIKOTOKA

Jamhuri ya Sudan Kusini ilipata uhuru wake tarehe 9 Julai, 2011. Mwezi Mei, 2012, iliingia katika Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA; na tarehe 10 Julai mwaka huo huo timu yake ya taifa ilicheza na Uganda mjini Juba, zikatoka sare ya mabao mawili kwa mawili. Kwa taifa lililotoka katika miongo ya vita, sare ile ilikuwa na utamu wa ushindi. Ushindi wenyewe wa kwanza ulikuja tarehe 5 Septemba, 2015, mjini humo humo, dhidi ya Guinea ya Ikweta, kwa bao moja kwa bila.

Kati ya siku hizo mbili za furaha palipita msiba mkubwa. Usiku wa tarehe 15 Desemba, 2013, risasi zililia mjini Juba, askari kwa askari, na vita vikaenea mikoani. Julai, 2016, mapigano yalirudi tena katika mji huo huo. Maelfu ya raia walikimbilia katika vituo vya Umoja wa Mataifa, na wengi wao waliishi humo kwa miaka. Mtu aliulizwa kabila lake, na jibu likawa ni uhai au mauti. Mkataba wa amani ulitiwa saini Septemba, 2018; kundi la kwanza la majeshi ya pamoja lilihitimu mjini Juba mwishoni mwa Agosti, 2022; lakini mapema mwaka 2025 hofu ya vita ilirejea.

Mtoto aliye na miaka saba au minane hakuyaona kwa macho yake mambo ya mwaka 2013. Lakini ameyasikia jikoni kwa mama yake, na ameyasoma katika uso wa bibi yake kila gari lenye askari linapopita. Watoto hurithi hofu kama wanavyorithi lugha. Ndiyo maana wanaponyamaza askari anapopita, hatuwezi kusema ni utovu wa adabu, wala hatuwezi kusema ni heshima. Ni kumbukumbu ya wazazi iliyokaa katika mwili wa mtoto.

Kuna jambo la pili, zito kuliko hilo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2008, iliyotungwa Juba kabla hata ya uhuru, inakataza kumwandikisha jeshini mtu asiyetimiza miaka 18. Hata hivyo, mwaka 2015 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, lilisimamia kuachiliwa kwa watoto 1,755 waliokuwa katika kundi moja la wapiganaji huko Pibor. Februari, 2018, watoto zaidi ya 300, wasichana wakiwamo, waliachiliwa Yambio. Februari, 2020, serikali na Umoja wa Mataifa walitia saini mjini Juba mpango wa kukomesha kabisa matendo hayo dhidi ya watoto. Kwa hiyo, tunaposema katika kichwa cha tahariri hii kwamba watoto wafundishwe mpira na wasifundishwe kwata, hatuchezi na maneno. Katika nchi ile wako vijana ambao walijua kupanga mstari na kubeba bunduki kabla ya kujua kusoma. Askari anayeingia katika kiwanja cha watoto hana budi kuingia akilijua jambo hilo.

KUNDI LA NYUKI

Yeyote aliyesimama nusu saa kando ya kiwanja cha watoto wa miaka mitano, sita au saba ameona jambo moja lisilobadilika, iwe ni Juba, Mwanza, Kisumu au Bujumbura. Mpira unapokwenda, wote huenda. Ukigeuka, wote hugeuka. Huwa kama kundi la nyuki, na katikati yake mpira hauonekani. Mlinda mlango mwenyewe huliacha goli akajiunga na msafara.

Mwalimu mgeni hukasirika. Hupiga kelele: "Kaa nafasi yako! Rudi nyuma! Tawanyikeni!" Watoto humsikia, hutawanyika kwa nukta mbili, kisha hurudi pale pale. Si ukaidi. Mtoto wa umri ule bado hawezi kuweka akilini mwake kwa wakati mmoja mpira, yeye mwenyewe, mwenzake na adui. Akili yake inabeba mpira na yeye tu. Kumdai zaidi ya hapo ni kumdai mche wa mwembe maembe.

Dawa yake inajulikana na walimu wa watoto duniani kote, na ni rahisi. Punguza watu, punguza kiwanja, ongeza mipira. Watoto wanne kwa wanne katika kiwanja kidogo hugusa mpira mara nyingi; watoto kumi na mmoja kwa kumi na mmoja katika uwanja wa wakubwa hugombea mpira mmoja, na yule mnyonge huondoka jioni hakuugusa hata mara tatu. FIFA yenyewe katika mafunzo yake ya watoto wa miaka sita hadi kumi na miwili inasisitiza michezo ya vikundi vidogo. Mahali penye mpira mmoja tu, matambara na kamba vipo, na watoto wenyewe ni mafundi wa kuyafunga.

Baadaye, kwenye umri wa miaka minane au tisa, hutokea jambo ambalo mwalimu mwenye subira hulingojea kama mkulima angojavyo mvua. Mtoto anazungukwa na wapinzani wawili, anainua macho, na kwa mara ya kwanza anamwona mwenzake. Anatoa pasi. Tusimsifu kupita kiasi: pasi ile ya kwanza haikutokana na ukarimu bali imetokana na dhiki. Tena kwa muda mrefu atampa ndugu yake tu, au rafiki wa nyumba ya jirani, au yule anayesema lugha ya nyumbani kwao. Yule mwingine aweza kusimama peke yake mbele ya goli akiinua mikono, asionekane.

Katika mji kama Juba jambo hili lina uzito wake. Kwenye kiwanja kimoja utasikia Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer, na Kiswahili cha watoto waliorudi kutoka Kakuma na kambi za Uganda. Mwalimu akiwaachia watoto wachague timu wenyewe kila siku, baada ya juma moja atakuwa na timu za ukoo na kabila bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Akizipanga yeye kila siku kwa namna mpya, kwa kuhesabu moja-mbili, moja-mbili, wanaokaa pamoja leo watapambana kesho, na waliopambana leo kesho watahitajiana. Hakuna hotuba inayotakiwa. Mpira wenyewe una lugha ndogo yenye maneno yasiyozidi ishirini: toa, rudi, nyuma yako, niko hapa. Mtoto huyajua maneno hayo kwa siku tatu katika lugha yoyote.

Ndipo jioni moja, pengine katika mwezi wa tatu au wa nne, mtoto anauacha upande wa ndugu yake aliyebanwa, anampa mpira yule asiyemjua nyumbani kwao, kwa sababu moja tu: yule yuko wazi. Hakuna anayepiga makofi, kwani hakuna aliyetambua isipokuwa mwalimu. Lakini timu imezaliwa dakika ile. Hata bao lisipopatikana, kazi ya miezi mitatu imezaa.

Kuanzia miaka kumi hadi kumi na miwili huja hatua ya tatu, ambayo ni ngumu kuliko zote: kukimbia pasipo mpira. Mlinzi anapopanda kushambulia, mwenzake anarudi kuziba nafasi yake bila kuambiwa. Mtoto anakimbia upande wa pili ili amvute adui, akijua kwamba mpira hautamfikia na jina lake halitatajwa. Ni jambo kubwa kwa binadamu wa umri wowote kufanya kazi ambayo sifa yake itakwenda kwa mwingine. Tunawajua watu wazima wenye vyeo ambao hawajaifikia hatua hiyo.

Maendeleo ya timu ya watoto, basi, hayapimwi kwa mabao. Yapimwe hivi: goli likiingia, je, wote humgeukia mlinda mlango kwa lawama, au yupo anayekwenda kuuchukua mpira wavuni na kumshika bega? Mtoto akianguka, ni nani anayemwinua, wa timu yake tu au hata wa upande wa pili? Ubishi wa kama mpira ulitoka unakwisha kwa ngumi, kwa kumwita mwalimu, au kwa wao wenyewe kukubaliana? Timu inayomaliza ubishi wake bila mtu mzima imekwisha pata kitu ambacho mataifa mengi yanakitafuta.

ALICHO NACHO ASKARI

Tumeulizwa: kwa nini askari? Walimu wa shule hawatoshi? Tunajibu kwamba walimu wanahitajika, na wazazi pia. Mkono mmoja haulei mwana. Lakini askari ana vitu ambavyo raia wengi hawana, navyo vinafaa.

Kwanza, anajua kutimiza saa. Mtoto aliyeishi katika hekaheka za kuhamahama amezoea ahadi zinazovunjika. Mtu mzima anayesema "Jumatano saa kumi na moja" na Jumatano saa kumi na moja akawapo, juma baada ya juma, anafundisha jambo kabla hajafungua kinywa.

Pili, anajua kwamba kikosi huenda kwa mwendo wa aliyechoka zaidi. Katika safari ndefu hakuna kombania inayomwacha mtu wake njiani. Kiwanjani, sheria hiyo maana yake ni kwamba mtoto dhaifu, mnene, mwoga au mwenye mguu uliopinda anacheza muda sawa na yule hodari.

Tatu, anaijua kanuni ya kufunikana. Askari wawili wanaposonga mbele, mmoja huenda, mwingine humlinda, kisha hubadilishana. Mpira wa miguu umejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Hakuna fundi anayeweza kuieleza vizuri kuliko mtu ambaye uhai wake uliwahi kuitegemea.

Lakini kuna vitu ambavyo askari hana budi kuviacha nje ya mstari.

Aache bunduki. Silaha isionekane kiwanjani, isiegemezwe kwenye mti wa goli, isishikwe na mwenziwe anayetazama. Ikiwa yuko kazini na hana ruhusa ya kuiweka, basi siku hiyo si siku yake ya kufundisha. Ikiwezekana aache na sare, angalau katika miezi ya kwanza, mpaka watoto wamjue kwa jina lake. Baadaye watakapomwona ndani ya sare, watamwona mwalimu wao aliyevaa sare, na huo utakuwa mwanzo wa kuponya ule ukimya tuliousema.

Aache kiboko, na adhabu za makuruta. Mtoto anayeambiwa apige pushapu ishirini kwa kosa la kupoteza mpira atajifunza jambo moja tu: asiutake mpira tena. Ataanza kujificha nyuma ya wenzake, na mwalimu atadhani amekuwa mvivu.

Aache pia sauti ya gwaride, na hapa ndipo penye mtihani mkubwa kwa wasomaji wetu. Kwata ina heshima yake na mahali pake. Lengo lake ni watu mia moja kutenda tendo moja kwa nukta moja kwa amri ya mtu mmoja. Mpira unataka kinyume chake: watu kila mmoja aone kwa macho yake, aamue kwa akili yake, na bado uamuzi wake uwafae wenzake. Mwalimu anayetoa amri ya kila pasi atapata watoto wanaomtazama yeye badala ya kuutazama mchezo. Siku asipokuwapo, timu hiyo haina akili. Afadhali aulize kuliko kuamuru. "Ulimwona nani?" "Nani alikuwa wazi?" "Tungefanyaje?" Kisha anyamaze na kungoja jibu, hata likichelewa. Kwa mtu aliyezoea kutiiwa, kunyamaza huko ni zoezi gumu kuliko kilomita ishirini na shehena mgongoni.

Na neno la mwisho katika sehemu hii lieleweke bila kupindwa. Timu ya watoto si ghala la makuruta. Askari anayefundisha mpira akiwa na jicho la kuchagua vijana wa kuingizwa kikosini, cha serikali au cha upinzani, anavunja sheria, na anawasaliti wazazi waliomwamini. Kiongozi wa kikosi akisikia jambo hilo asilifumbie macho.

MAMBO YA KUTENDWA

Kwa yule aliye tayari, tunatoa mashauri machache.

Aanze kwa ruhusa. Amwambie mkuu wake wa kazi, azungumze na wazee wa mtaa, awaone wazazi wa kila mtoto. Asiwe kamwe peke yake na watoto. Daima wawepo watu wazima wawili, na mmoja wao awe raia wa mtaa ule, ikiwezekana mama. Utaratibu huo unamlinda mtoto, na unamlinda askari mwenyewe dhidi ya maneno.

Akikague kiwanja. Sudan Kusini imepigana miaka mingi, na ardhi yake ina mabaki ya mabomu ambayo hayajalipuka. Kiwanja kipya, hasa pembezoni mwa mji, kiulizwe habari zake kwa wanaohusika na kazi ya kutegua mabomu. Kitu cha chuma kikionekana, watoto waondolewe, mahali pawekewe alama, na mafundi waitwe. Askari asikiguse kwa ushujaa.

Aliheshimu jua. Machi, 2024, na tena Februari, 2025, serikali ililazimika kuzifunga shule kwa sababu ya joto kali, na mwaka huo wa pili iliripotiwa kwamba wanafunzi walikuwa wakizirai mjini Juba. Mazoezi yawe asubuhi na mapema au jioni, yasizidi saa moja, na maji yawepo kabla ya mpira kuwepo. Pasipo maji, hakuna mazoezi siku hiyo.

Mpira wa watoto uwe mdogo: saizi ya tatu kwa walio chini ya miaka minane, saizi ya nne mpaka miaka kumi na miwili. Watoto wadogo wasifundishwe kupiga vichwa. Marekani ilikwisha wakataza walio na miaka kumi na chini ya hapo tangu mwaka 2015, na Uingereza ikafuata mwaka 2020 kwa kuondoa mazoezi ya vichwa katika umri wa shule ya msingi. Nafasi zibadilishwe, ili kila mtoto aonje kulinda, kushambulia na kudaka. Unahodha uwe wa zamu.

Wasichana wasisahauliwe. Timu ya wanawake ya Sudan Kusini ilishiriki mashindano ya CECAFA mjini Dar es Salaam mwaka 2019, na wasichana wadogo wa Juba wanahitaji kuambiwa kwamba jambo hilo lipo. Askari wanawake ndio hasa wanaotakiwa hapa. Msichana anayengojwa kiwanjani kila Jumatano ana mtu wa kuuliza habari zake siku atakapokosekana, na katika nchi ambamo wasichana wengi huozwa mapema, kuulizwa huko si jambo dogo.

Tena umri usidanganywe. Mwalimu anayemwingiza kijana wa miaka kumi na mitano kati ya watoto wa miaka kumi na miwili ili apate kikombe cha bati amewafundisha watoto wote ishirini kusema uongo. FIFA hutumia vipimo vya picha za mifupa katika mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17 tangu mwaka 2009 kwa sababu ya tabia hiyo.

TUSIJIDANGANYE

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba mpira huleta amani. Januari, 2016, wanamichezo vijana kutoka pande mbalimbali za Sudan Kusini walikutana Juba katika michezo ya Siku ya Umoja wa Taifa, kwa msaada wa Japani. Walilala pamoja, walikula pamoja, walishindana kwa heshima. Miezi sita baadaye Juba iliwaka moto. Michezo ile haikuwa bure, na iliendelea mwaka uliofuata. Lakini haikuweza kuizuia mikono ya wakubwa. Anayedhani kwamba pasi za watoto zitatatua ugomvi wa wenye madaraka anawabebesha watoto mzigo usio wao.

Tunachosema ni kidogo kuliko hicho, na kwa hiyo ni cha kweli zaidi. Sherehe ya juma moja hupita. Jumatano na Jumamosi za mwaka mzima hujenga mazoea, na mazoea ndiyo tabia. Mtoto aliyezoea kutazama ni nani aliye wazi, badala ya kutazama ni nani aliye wa kwao, siku moja atakuwa mtu mzima, na pengine atakuwa askari. Siku atakapowekwa kizuizini barabarani ili awaulize watu majina yao, tungependa awe na mazoea hayo.

Wako pia watakaosema: mshahara haujafika, nasi tufundishe mpira? Swali hilo si la dhihaka. Mwaka 2024 watumishi wa serikali ya Sudan Kusini, askari wakiwamo, walikaa miezi mingi bila kulipwa. Mtu mwenye njaa nyumbani hawezi kulazimishwa kujitolea, wala hatumlazimishi. Deni la mshahara ni la serikali, na linapaswa kulipwa. Lakini tunaona pia kwamba askari asiyelipwa, asiye na la kufanya jioni, yuko katika hatari ya kutafutiwa kazi na pombe au na bunduki yake. Saa mbili kati ya watoto hazijazi chungu. Huenda zikamhifadhi mtu na aibu.

Na faida ya kimichezo nayo ipo, ingawa tumeiweka nyuma. Septemba, 2022, klabu ya Zalan ya Sudan Kusini ilikutana na Yanga katika mashindano ya klabu bingwa ya Afrika. Mechi zote mbili zilichezwa Dar es Salaam, na Zalan ikafungwa jumla ya mabao tisa kwa bila. Wapo waliocheka. Lakini mwezi uliofuata, vijana wa Sudan Kusini wa chini ya miaka 17 walifika fainali ya CECAFA huko Ethiopia, wakashindwa na Somalia kwa mikwaju ya penalti, na timu hizo mbili, za nchi mbili zilizoungua kwa vita, ndizo zilizokwenda Algeria mwaka 2023 kwa niaba ya kanda yetu. Awer Mabil, aliyezaliwa kambini Kakuma kwa wazazi wa Sudan Kusini na kuanzia mpira wake kwenye vumbi la kambi, aliichezea Australia katika Kombe la Dunia la mwaka 2022. Vipaji havijawahi kukosekana. Kinachokosekana ni mtu mzima anayefika kwa wakati.

Nchi zetu za Afrika Mashariki zina mazoea marefu ya timu za majeshi: Ulinzi ya Kenya, APR ya Rwanda, Prisons ya Mbeya, KMKM ya Zanzibar, na timu za polisi karibu kila nchi. Tunajivunia timu hizo. Lakini timu hizo huchuma tunda lililokwisha iva. Kupanda ni kazi nyingine, haina uwanja wala tarumbeta wala jina gazetini. Sudan Kusini imekuwa mwanachama wa Jumuiya yetu tangu mwaka 2016. Lililo jema kwa Juba ni jema kwa Arusha, Gulu na Goma, na ushauri huu ni kwa askari wa miji hiyo pia.

Kwa hiyo tunamwambia ndugu askari anayepita leo jioni kando ya kiwanja: usipite haraka. Ukiona watoto wamenyamaza, usiwaulize kwa nini. Nenda nyumbani, weka silaha mahali pake, vua buti, rudi ukiwa umevaa kandambili. Keti chini chini ya mti, kimo chako kiwe sawa na chao. Mpira ukija upande wako, usiupige mbali kuwaonyesha nguvu zako. Mrudishie taratibu yule mtoto aliye karibu nawe, na ungoje uone atampa nani.